Hapakuwa na Daftari la Kuandika Alama Yake

Hotuba kwa wazazi, walimu na wanafunzi wa shule za kutwa, Buruburu, Nairobi

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana mliojipanga kule nyuma karibu na mlango, hamjambo. Itifaki imezingatiwa. Naomba niingie kwenye jambo lenyewe, yaani mtoto wa sekondari kusoma kozi ya chuo kabla hajamaliza shule, kwa sababu najua wapo waliofunga duka ili wafike hapa.

Mimi hufundisha hisabati ya mwaka wa kwanza chuoni, hapa hapa Nairobi. Miaka kadhaa iliyopita, wakati wa likizo ya Aprili, mama mmoja aliyekuwa akiuza chapati na maharagwe nje ya lango letu alianza kuja na mwanawe. Kijana alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa, umri wake miaka 16. Kazi aliyopewa na mamake ilikuwa kutuletea sahani za chakula maofisini kisha kupita tena kuzichukua. Askari wa langoni walimpisha kwa sababu ya zile sahani. Angekuja mikono mitupu asingeingia, maana pale huulizwa kitambulisho, na mtoto wa miaka 16 kitambulisho atakitoa wapi?

Siku hiyo nilikuwa nimefundisha mwanzo wa kalkulasi, ile hesabu ya jinsi vitu vinavyobadilika. Mfano wangu ulikuwa matatu inayotoka Buruburu kwenda mjini. Ukigawa umbali kwa muda unapata mwendo wa safari nzima, lakini dereva akitazama dashibodi yake anaona mwendo wa sasa hivi, wa nukta ile ile anayotazama. Kijana alipokuja kuchukua sahani akasimama mlangoni, akaniambia alikuwa ukumbini pembeni akisikiliza. Akauliza: "Mwalimu, kwa nukta moja matatu haijasogea hata kidogo. Umbali ni sifuri na muda ni sifuri. Sasa huo mwendo unatoka wapi?"

Naomba mnielewe kwa nini swali hilo lilininyima usingizi. Mwaka 1734 askofu mmoja wa Ireland, George Berkeley, aliwabana wanahisabati wa Ulaya kwa swali la namna hiyo hiyo, na hawakuwa na jibu la kutosha. Walikuwa wanapata majibu sahihi bila kuweza kueleza kwa nini ni sahihi. Ilibidi kusubiri hadi karne iliyofuata, watu kama Mfaransa Augustin-Louis Cauchy, ndipo wazo la kikomo likanyooshwa: kwamba hatugawi sifuri kwa sifuri, tunatazama ule mgao unakaribia nini muda unapozidi kuwa mfupi. Ukumbini mle nilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia waliolipiwa karo, na hakuna aliyeniuliza. Aliyeuliza ni mtoto aliyekuja kuchukua sahani.

Nikaongea na mamake. Tukakubaliana kwamba saa za mhadhara wangu awe ndani, sahani zitangoja. Alikaa nasi wiki zote za likizo. Tulipofanya jaribio la kati ya muhula, naye akafanya. Karatasi yake niliisahihisha pamoja na za wengine bila kumpendelea, akapata 21 kati ya 30, na wengi darasani hawakufika hapo. Kisha nikakaa kuingiza alama kwenye orodha. Orodha ya chuo ina jina na nambari ya usajili. Yeye nambari hana. Nikaiandika ile 21 kwa kalamu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari langu mwenyewe, na haikwenda kwingine kokote.

Mwezi wa Mei shule zikafunguliwa. Shuleni kwao akaambiwa asahau mambo ya chuo, wakati wake utafika. Ulifika kweli. Akafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, akapata nafasi katika chuo kingine, na muhula wa kwanza akaketishwa kwenye kozi ile ile, kuanzia mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza. Siku moja akanipigia simu. "Mwalimu," akasema, "shida ni kwamba sijasahau. Ningekuwa nimesahau, walau ningekuwa na kitu cha kujifunza."

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Mtoto wa sekondari aliyefikia kiwango cha chuo katika somo moja aruhusiwe kusoma somo hilo moja chuoni, akiwa bado mwanafunzi wa shule yake, akilala kwao, akicheza mpira na wenzake wa darasa. Na akifaulu, alama yake iandikwe mahali itakapomsubiri.

Najua methali iliyoko midomoni mwenu. Haraka haraka haina baraka. Mimi nayo naiamini, na ndiyo maana sisemi mtoto aruke madarasa. Kumng'oa mtoto wa miaka 14 kutoka kwa rika lake na kumpeleka akaishi na watu wa miaka 22, kwa sababu ana akili ya hesabu, ni kumhukumu mtu kwa kiungo kimoja tu cha mwili. Kijana yule wa sahani alikuwa wa kawaida kabisa katika insha ya Kiswahili, na kwenye historia alikuwa chini. Alihitaji shule yake. Alihitaji pia saa tatu kwa wiki za mahali pengine. Kwa nini tunadhani lazima achague?

Wenzetu wa Marekani wana uzoefu mrefu wa jambo hili, wa mazuri yake na makosa yake, na inafaa tuutazame kwa makini kabla ya kuiga au kukataa. Mwaka 1944 Martin Luther King Jr. aliingia chuo cha Morehouse, mjini Atlanta, akiwa na miaka 15, bila kumaliza sekondari. Wengi hulisimulia hilo kama ushahidi wa kipaji chake. Mimi naliona kwa upande wa pili. Vita vilikuwa vimechukua vijana wa umri wa chuo, Morehouse ikabaki na viti vitupu, ikaamua kuwafanyia mtihani wanafunzi wa sekondari na kuwachukua waliofaulu. Watoto hawakuwa wameerevuka ghafla mwaka ule. Walikuwepo siku zote, na uwezo wao ulikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba watu wazima walipata sababu ya kufungua mlango.

Kwa muda mrefu baadaye mlango huo ulifunguliwa kwa kubahatisha, chuo kimoja hapa, kingine pale. Kisha mwaka 1985 jimbo la Minnesota likaweka jambo hili kwenye sheria. Mwanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari anaweza kwenda kusoma kozi chuoni, serikali ya jimbo inalipa karo, inalipia vitabu, na familia isiyojiweza inaweza kuomba irudishiwe gharama ya usafiri. Tafadhali likumbukeni hilo la usafiri, nitalirudia.

Mwaka 1990 jimbo la Washington, lile la pwani ya magharibi, likapitisha mpango wao unaoitwa Running Start, kwa wanafunzi wa gredi ya 11 na 12. Huu naupenda kwa jinsi walivyoshughulikia pesa, kwa sababu mipango mingi mizuri hufia kwenye pesa. Kule kila mwanafunzi wa shule ya umma ana fungu lake la fedha za serikali. Akienda chuoni kwa kozi, fungu linalolingana na kozi hizo linamfuata: chuo kinapata asilimia 93, na eneo la shule yake linabaki na asilimia 7 kwa kazi ya kumwandikisha na kumfuatilia. Chuo hakimfundishi kwa hisani. Mzazi halipi karo. Analipia vitabu na nauli, pamoja na ada ndogo ndogo. Na alama inaandikwa pande mbili, kwenye rekodi ya sekondari na kwenye rekodi ya chuo. Mwaka wa masomo wa 2022-23, Marekani nzima, wanafunzi wa sekondari waliosoma walau kozi moja ya chuo walikaribia milioni 2.5.

Si lazima wote wasafiri hadi chuoni. Zipo shule ambapo mwalimu wa sekondari mwenyewe, mwenye shahada inayotakiwa, huidhinishwa na chuo kufundisha kozi ya chuo darasani mwake, kwa silabasi ya chuo na kwa vipimo vya chuo. Chuo kikuu cha Syracuse kilianza hivyo mapema miaka ya 1970. Walimu mlio hapa, hilo liwekeni akilini. Wapo miongoni mwenu wenye shahada ya uzamili ambao kila siku wanarudia mada ile ile ya kidato cha tatu, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanajua nini zaidi.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Queens, New York. Mwaka 1974, mwanamke aitwaye Janet Lieberman alianzisha shule ya sekondari ndani ya chuo cha jamii cha LaGuardia. Hakuwatafuta watoto wa alama za juu. Alichukua wale ambao walimu wao walikuwa wamekata tamaa nao, watoro, waliokuwa mbioni kuacha shule. Akawaweka kwenye jengo moja na watu wazima wanaosoma. Mtoto akienda kunywa chai anapanga foleni nyuma ya mama wa miaka 35 aliyerudi kusomea uuguzi. Akiingia maktaba anakuta watu wamenyamaza bila mwalimu wa zamu kuwanyamazisha. Mtoto aliyechoka kuitwa mtundu anaona kwamba hapa hakuna anayemfahamu kwa utundu wake. Wazo la Lieberman likazaa shule nyingi nyingine, zikiwemo zile zinazompa mwanafunzi cheti cha sekondari na kozi nyingi za chuo kwa pamoja.

Sasa mtu makini atauliza: tunajuaje kwamba ni mpango uliowasaidia? Huenda wanaojiunga ni wale wale ambao wangefaulu hata wasingejiunga. Ni swali la haki, na takwimu nyingi za kujisifu haziwezi kulijibu. Lakini baadhi ya shule hizo zinazochanganya sekondari na chuo zilipata waombaji kuliko nafasi, zikapiga kura ya bahati nasibu. Watafiti wakawafuata walioshinda kura na walioshindwa. Hapo tofauti ya akili au ya bidii imeondolewa, kwa kuwa aliyewatenganisha ni kura tu. Walioshinda walijiunga na vyuo kwa wingi zaidi, na wengi zaidi wakamaliza na shahada au stashahada. Ushahidi wa namna hiyo mimi nauheshimu.

Tukirudi kwetu, wazee wangu mliofanya KACE, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita, mnakumbuka kidato cha tano na cha sita. Ile miaka miwili ilikuwa ngazi kati ya shule na chuo. Mtu alisoma masomo machache kwa kina, akaingia chuo kikuu akiwa amekwisha kukutana na kalkulasi uso kwa uso. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo, ulipoanza 1985 ngazi hiyo ikaondolewa. KCSE ya kwanza ikafanywa 1989, na mwaka 1990 vyuo vikuu vikapokea kundi la mwisho la mfumo wa zamani pamoja na kundi la kwanza la 8-4-4. Yaliyofundishwa kidato cha sita yakagawanywa: mengine yakasukumwa chini hadi mwisho wa kidato cha nne, ambako mwalimu huyapitia mbio mbio mtihani ukiwa mlangoni, na mengine yakasukumwa juu hadi mwaka wa kwanza wa chuo, kwenye ukumbi wangu wa watu mia na zaidi.

Na kati ya ngazi hizo mbili tukaacha shimo la kungojea. Mimi baada ya KCSE nilikaa nyumbani karibu miaka miwili nikingoja kuitwa. Nilisahau mengi sana, na wasichana wawili niliosoma nao hawakufika chuo kabisa. Walipoitwa tayari maisha yalikuwa yamewaita kwingine. Siku hizi kungoja kumepungua, lakini hesabuni wenyewe. KCSE inaisha Novemba. Chuo kinafunguliwa Agosti au Septemba. Katikati hapo kila mzazi wa Nairobi anajua afanye nini: amtafutie mtoto kozi ya kompyuta kwenye jumba fulani la Moi Avenue, orofa ya tatu, na fedha zikiruhusu, amtafutie pia shule ya udereva. Si vibaya kujua kompyuta na kuendesha gari. Lakini hiyo ndiyo miezi ambayo kichwa cha kijana kiko wazi kuliko wakati wowote, na sisi tunaijaza kwa kilichopo karibu na stendi.

Mwaka huu wa 2026 tuna nafasi ambayo hatukuwa nayo. Watoto wetu wa gredi ya 10 ndio wa kwanza kuingia sekondari pevu, ile ya gredi ya 10 hadi 12. Wamegawanywa katika njia tatu: ya kwanza ni sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; ya pili ni sayansi za jamii; na ya tatu ni sanaa na michezo. Wanasoma masomo ya lazima, na juu yake masomo matatu waliyoyachagua kulingana na njia yao. Kundi hili litamaliza gredi ya 12 mwaka 2028. Mfumo wenyewe tunauita 2-6-3-3-3, yaani miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari pevu na mitatu ya chuo, na naomba muitazame tarakimu ya mwisho. Kwenye 8-4-4 ya mwisho ilikuwa nne, yaani shahada ya kawaida miaka minne. Sasa imeandikwa tatu. Ule mwaka mmoja umekwenda wapi? Kama chuo kitafundisha kwa muda mfupi zaidi, lazima sehemu ya kazi ya mwaka wa kwanza ishuke hadi sekondari pevu. Italetwa na nani? Itafundishwa na nani, kwa maabara gani? Shule kubwa za kitaifa zitajipanga. Shule ya kutwa ya hapa Eastlands, yenye mwalimu mmoja wa fizikia kwa mikondo mitano, itajipanga vipi bila chuo kuinyooshea mkono?

Na hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Mlango huu ninaouombea haujafungwa kwa kila mtoto wa Nairobi. Mzazi mwenye uwezo anampeleka mwanawe shule ya kimataifa, anafanya A-Level au mtaala mwingine wa nje, na baadhi ya vyuo vya ng'ambo vinamhesabia masomo hayo kuwa kozi za mwaka wa kwanza. Mtoto huyo amesoma chuo akiwa sekondari, ingawa hakuna anayeliita hivyo. Simwonei kijicho. Nataka tu mtoto wa Jericho na wa Makongeni apate alichopata mwenzake wa upande ule wa mji. Marekani kwenyewe, pamoja na sheria zote nilizozitaja, watoto weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wa familia maskini bado wako wachache kwenye mipango hii kuliko idadi yao shuleni. Tukianza bila kulilinda hilo tangu siku ya kwanza, na sisi tutafika pale pale.

Wazazi, sasa nawaambia yanayotisha, maana sitaki mtu asaini karatasi kwa furaha tu.

La kwanza ni kasi. Katika Washington kozi moja ya kawaida ya chuo, ya robo mwaka, huhesabiwa sawa na somo la sekondari la mwaka mzima. Yaani kinachofundishwa polepole kwa mwaka kinapita kwa wiki kumi hivi. Mtoto akiugua malaria wiki mbili amepoteza sehemu ya tano ya kozi. Na alama anayopata haifutiki. Ni alama ya chuo kweli kweli. Akifeli akiwa na miaka 16, inaweza kumfuata kwenye maombi ya nafasi na ya ufadhili akiwa na miaka 20. Kwa hiyo lazima pawe na tarehe ya kujiondoa bila doa, na mtu wa kumwambia mtoto mapema kwamba mambo hayaendi.

La pili litawachoma zaidi. Tumezoea shule inayotuita. Mtoto akikosa siku mbili simu inalia, akifanya kosa unaambiwa uje naye Jumatatu. Chuo hakipigi simu. Kule Marekani sheria ya shirikisho inamhesabu mwanafunzi wa chuo kuwa ndiye mwenye rekodi zake hata akiwa chini ya miaka 18; mzazi anaweza kufika ofisini kuuliza alama na kuambiwa amuulize mwanawe. Mimi nimepokea wazazi ofisini kwangu waliokuja kunibembeleza kwa niaba ya mtu mzima wa miaka 21, na najua uchungu wao. Lakini mtoto asiyeweza kuniambia mwenyewe, "Mwalimu, sikuelewa somo la juzi," hajawa tayari, hata kama anapata A katika kila karatasi. Utayari ninaoutafuta mimi si wa hesabu peke yake. Ni ule wa kuinua mkono mbele ya watu waliokuzidi umri.

Na la tatu, usalama. Kwa sheria zetu mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda kama mtoto, hata akiwa ameketi kwenye ukumbi wa chuo. Chuo kimejengwa kwa watu wazima. Kuna mihadhara inayoisha saa moja usiku, kuna hosteli, kuna mikutano ya wanafunzi ambayo siku nyingine huishia kwa vitoza machozi. Hakuna mtoto wa kutoka hapa atakayesoma kozi ya jioni. Na lazima chuo kimtaje mtu mmoja, kwa jina na kwa nambari ya simu, ambaye watoto hawa ni jukumu lake. Chuo kikishindwa kumtaja mtu huyo, hatupeleki mtoto. Kwa hili sitabadili msimamo.

Nilitaja vyuo vikuu mara nyingi, na naona baba mmoja pale mbele anatikisa kichwa. Una haki, baba. Wapo vijana ambao kozi yao ya kwanza inafaa iwe ya kufunga nyaya za umeme, ya kuchomelea vyuma, ya ushonaji wa kiwanda. Vyuo vya kiufundi vina karakana ambazo shule zetu hazina, na nyingine hukaa kimya Jumamosi nzima. Mtoto wa gredi ya 11 aliyechagua somo la umeme na hajawahi kushika mita ya kupimia anasoma mapishi bila jiko. Mlango wa karakana uwe wazi sawa na wa ukumbi wangu, na cheti chake kihesabiwe vile vile. Tangu 2014 tuna sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa na vyeti, na mamlaka iliyoundwa chini yake inashughulikia, miongoni mwa mengine, jinsi kozi zilizosomwa zinavyoweza kukusanywa na kuhamishwa kutoka taasisi moja hadi nyingine. Msingi upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka jina la mtoto wa sekondari kwenye daftari hilo.

Basi tunafanyaje? Sisi wahadhiri wanne tumekubali kufundisha Jumamosi, saa tatu hadi saa sita mchana, kozi moja tu kwa kuanzia: hisabati ya muhula wa kwanza. Watoto 20, kutoka shule tano za kutwa. Tumesema shule za kutwa kwa sababu mtoto wa bweni hawezi kutoka, na kwa sababu watoto wa kutwa husahaulika. Nusu ya nafasi ni za wasichana. Mwalimu wa somo ndiye atakayependekeza, na akitaka kuketi naye darasani ajifunze, kiti kipo. Tumewaandikia wakuu wa vyuo viwili kuwaomba watoto hawa wapewe nambari ya usajili ya muda, ili alama zao zikae kwenye rekodi hata kabla ya KCSE au mtihani wa gredi ya 12. Majibu bado hayajaja. Wasipojibu tutafundisha hivyo hivyo na kuendelea kuandika barua, na kila barua itabeba orodha ya majina na alama, mpaka mtu aone aibu kuitupa.

Vijana kule nyuma, neno langu kwenu ni fupi. Msije kwa sababu mama amewatuma. Kuna karatasi mtakayopewa, ina swali moja: andika kitu ulichofundishwa shuleni ambacho hakikuingia akilini, na ueleze kwa nini hakikuingia. Hatutafuti jibu la kitabu. Kijana yule wa sahani hakuwa na jibu. Alikuwa na swali, na alilitetea.

Mama mmoja ameniuliza kabla sijaanza kuzungumza: nauli? Nimesema nitalirudia, na hili ndilo nililoogopa zaidi, kwa sababu mpango wa bure unaohitaji nauli kwenda na kurudi kila wiki si wa bure kwa mtu aliye na watoto wanne. Tumepiga hesabu ya nauli ya Jumamosi za muhula mzima kwa watoto wote 20. Kanisa limeahidi theluthi moja. Chama cha wazazi wa shule mbili kimeahidi kiasi. Pengo bado lipo, na ndiyo maana tumeamua madarasa manne ya kwanza yafanyike hapa hapa, chumba kile cha pili, watoto waje kwa miguu, sisi ndio tupande matatu.

Fomu ziko kwenye meza ya mlangoni. Kuna sehemu ya mzazi, ya mwalimu wa somo, na ya mwanafunzi, ambayo lazima aijaze mwenyewe kwa mwandiko wake. Zirudishwe kabla ya Ijumaa ijayo. Jumamosi inayofuata, saa tatu kamili, nitakuwa ubaoni, na nitaanza na matatu inayotoka Buruburu kwenda mjini.